Terraform, CloudFormation, Pulumi, Ansible: uchague ipi kwa ofisi yako

Kuna jamaa yangu anaangalia mitambo ya kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, juzi kanipigia usiku sauti imechoka kabisa, anasema wana seva 14 kwenye AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha seva) na zote zilitengenezwa kwa kubofyabofya kwenye konsoli na dogo mmoja ambaye sa hivi yuko Doha, simu hapokei, na akipokea anasema hayo mambo keshasahau. Bosi katoka kwenye semina kasikia majina manne, kaagiza lichaguliwe moja kufikia Ijumaa. Nilimweleza kwa simu mpaka bando likaisha, nikaona bora niandike kabisa maana si yeye peke yake anayeulizwa hili swali.

Kwa ambaye ndo anaanza: badala ya kubofya, unaandika kwenye faili kwamba nataka seva tatu za ukubwa fulani, databesi moja, netiweki ikae hivi na hivi, halafu programu inaenda kuvitengeneza yenyewe. Faili unalitunza kama kodi nyingine yoyote (kodi ya kompyuta, TRA watulie), mwenzako anaweza kulisoma, na dogo akiondoka faili linabaki ofisini.

Vitu vya kuangalia kabla hujatazama jina

Cha kwanza, ni fundi wa aina gani. Kuna fundi anayesimamisha nyumba, yaani anaenda kwa mwenye klaudi (kampuni inayokodisha kompyuta mtandaoni, kama AWS) anaomba seva, diski, netiweki. Kuna mwingine anaingia nyumba ikishasimama, anafunga nyaya, anapaka rangi, yaani anaweka Nginx (programu ya kuhudumia tovuti), anatengeneza akaunti za watumiaji, anabadilisha mipangilio. Watu wengi wanagombana mtandaoni ipi bora kumbe wanalinganisha mafundi wa kazi mbili.

Cha pili, na kwangu hiki ndo kikubwa kuliko vyote, daftari linakaa kwa nani. Hizi programu nyingi zina kumbukumbu ya vitu vyote zilivyojenga, mainjinia wanaita steti, we ichukulie kama daftari la madeni la muuza duka. Likipotea, vitu bado vipo ila hakuna anayejua kipi cha nani. Likishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja wanaandika vitu viwili tofauti.

Cha tatu ni lugha, na hapa usiangalie wewe unajua nini, angalia atakayebaki siku ukipata kazi kwingine. Cha nne, mtandao ukikatika katikati ya kazi inakuwaje, na hili kwetu si mambo ya kufikirika, 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na Tanzania na Kenya wote tukayumba. Cha mwisho hela na leseni.

Terraform (na pacha wake OpenTofu)

*Fundi gani.* Anasimamisha nyumba. Ilitoka 2014 kwa kampuni ya HashiCorp na inaongea na klaudi karibu zote kupitia vitu vinavyoitwa provaida, kwa hiyo AWS ya Cape Town, Azure ya Johannesburg, Google ambao nao wamefungua Johannesburg 2024, hadi DigitalOcean na Hetzner ambako wengi tumejificha kwa sababu ya bei, zote unaandika kwa lugha moja. Ila usidanganywe na maneno ya wauzaji, lugha ni ile ile lakini vitu siyo vile vile, seva uliyoiandika kwa AWS huwezi kubadilisha jina la klaudi ikageuka ya Azure, unaandika upya.

*Daftari.* Linaitwa terraform.tfstate, na usipolipangia pa kukaa linabaki kwenye laptopu ya aliyeendesha, laptopu ikiibiwa daftari nalo limeenda. Watu wengi wanaliweka kwenye S3 (ghala la mafaili la AWS) pamoja na kufuli ili wawili wasiandike kwa mpigo. Zamani kufuli lilihitaji jedwali la DynamoDB (databesi nyingine ya AWS) pembeni, kwenye matoleo ya kuanzia 1.11 S3 yenyewe inatosha. Kingine ambacho watu hawaambiwi mapema: paswedi ya databesi ukiiandika kwa njia ya kawaida inakaa humo kwenye daftari wazi kabisa, mtu akilifungua anaisoma. OpenTofu tangu toleo 1.7 inakuruhusu kulisimba daftari zima (lisisomeke bila ufunguo), na hiyo peke yake imewahamisha baadhi ya watu.

*Lugha.* Inaitwa HCL, ni ya kwao wenyewe, ila mtu mwenye akili timamu anaisoma siku ya kwanza hata kama hajui kuiandika. Hii ni faida kubwa kuliko inavyosikika.

Uzuri mwingine kabla ya kugusa chochote unaendesha terraform plan inakuonyesha itafanya nini. Uisome sasa. Mimi niliombwa kuwasha usimbaji kwenye databesi ya majaribio, nikabadilisha neno moja tu, storage_encrypted kutoka false kwenda true, nikaendesha plan, yakamwagika maandishi marefu, nikashuka moja kwa moja mstari wa mwisho ambao ulisema kimoja kinaongezwa, sifuri kinabadilishwa, kimoja kinabomolewa. Nikaona sawa tu, nikaandika yes. Juu kule kulikuwa na alama ya -/+ na maneno "forces replacement", maana databesi ya RDS (huduma ya databesi ya AWS) iliyozaliwa bila usimbaji huwezi kuiwashia hapo hapo ilipo, kwa hiyo Terraform inaibomoa na kuijenga mpya tupu. Na juu ya hapo nilikuwa nimeweka skip_final_snapshot iwe true, yaani hata nakala ya mwisho isichukuliwe. Ilikuwa ya majaribio, namshukuru Mungu, ila madevelopa waliingiza data ya wiki mbili upya na walininunia kweli. Toka siku ile kila databesi ina prevent_destroy (inayozuia isibomolewe) na siandiki yes kabla sijatafuta -/+ kwenye maandishi yote.

*Mtandao ukikatika.* Kama unaendesha kutoka kwenye laptopu, unaumia. Kazi inabaki nusu, na ikishindwa kuandika kwenye daftari la mbali inakuachia faili la errored.tfstate kwenye folda yako, usilifute kwa sababu ndo kumbukumbu pekee ya kilichotokea, mtandao ukirudi unalisukuma kwa terraform state push. Kufuli nalo linaweza kubaki limefungwa, unalifungua kwa force-unlock baada ya kuhakikisha hakuna mwenzako anayeendesha. Dawa yake ni kuacha kuendesha kwenye laptopu kabisa, iendeshwe na GitHub Actions au GitLab (huduma zinazotunza kodi na kuendesha kazi) huko huko kwenye mtandao usiokatika.

*Hela na leseni.* Programu yenyewe ni bure kupakua. Agosti 2023 HashiCorp walibadilisha leseni kutoka MPL (huria) kwenda BSL (yenye masharti kwa washindani), watu wakalalamika sana, kundi moja likachukua kodi ya zamani likaanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation, toleo lao la kwanza imara likatoka Januari 2024. Baadaye IBM wakainunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4, dili likafungwa Februari 2025. Kwa ofisi inayojenga mitambo yake yenyewe leseni mpya haikuzuii kitu, wanaobanwa ni wanaouza huduma inayoshindana na HashiCorp. Lakini kama idara yenu ya sheria inataka programu huria kweli kweli, OpenTofu ipo, mafaili mengi ni yale yale na amri unaandika tofu badala ya terraform. Ukitaka HashiCorp wenyewe wakutunzie daftari kuna HCP Terraform, bili inaenda kwa idadi ya vitu unavyosimamia na ni kwa dola, kwa hiyo kabla ya kujiunga hesabu vitu vyenu, mara nyingi ni vingi kuliko unavyodhani kwa sababu hata kila kanuni ndogo ya netiweki kinaweza kuhesabiwa kama kitu.

*Inamfaa nani.* Ofisi yenye klaudi zaidi ya moja, au inayotaka kuajiri kirahisi kwa sababu wanaoijua ni wengi. Haimfai anayetaka kuianza leo na kuisahau kesho, daftari linataka mtu.

CloudFormation

*Fundi gani.* Naye anasimamisha nyumba, ila kiwanja cha AWS tu. Ipo tangu 2011.

*Daftari.* Wanalo Amazon wenyewe. Hulioni, hulitunzi, halipotei na laptopu. Baada ya maneno yote niliyoandika juu kuhusu S3 na kufuli utaelewa kwa nini ofisi ndogo zinaipenda.

*Lugha.* YAML au JSON (namna za kuandika mipangilio kwa maandishi), na inakuwa ndefu ya kuchosha, kitu ambacho Terraform unaandika mistari 10 huku unaweza kukuta 30. Wasiotaka hiyo adha wanatumia CDK, unaandika kwa TypeScript au Python halafu inakutolea CloudFormation yenyewe chini. Staki moja (kundi la vitu unavyotuma pamoja) ina kikomo cha vitu 500, ofisi za kawaida hazifiki ila ukitumia CDK unaweza kujikuta umefika bila kujua, maana mstari mmoja unazaa vitu sita.

*Mtandao ukikatika.* Hapa inawashinda wote. Ukishatuma staki kazi inafanyika upande wa Amazon, umeme ukikatika Mbagala na wewe ukalala, asubuhi utakuta imemaliza au imeshindwa na kurudisha nyuma yenyewe. Shida ni pale kurudisha nyuma nako kunaposhindwa, staki inakaa kwenye UPDATE_ROLLBACK_FAILED, huwezi kwenda mbele wala nyuma mpaka urekebishe kilichokwama au uambie ikiruke. Na staki mpya ikifeli mara ya kwanza kabisa inabaki ROLLBACK_COMPLETE, haitengenezeki, unaifuta unaanza upya. Mwanzoni inakera, ukizoea basi.

*Hela na leseni.* Kwa vitu vya AWS haina malipo, unalipia seva na databesi zenyewe.

*Inamfaa nani.* Ofisi iliyo AWS peke yake na haina mpango wa kuhama, yenye mainjinia wawili watatu. Walio Azure wana Bicep ambayo nayo haikulazimishi kutunza daftari, kwa hiyo mengi niliyosema hapa wayasome kwa jicho hilo hilo. Google nao wana huduma yao ya Infrastructure Manager, na ndani yake inatumia Terraform, kwa hiyo huko swali limeshajijibu.

Pulumi

*Fundi gani.* Wa kusimamisha nyumba, klaudi nyingi kama Terraform, hata provaida zake nyingi zimejengwa juu ya zile za Terraform. Kampuni ni ya Seattle, ilianzishwa 2017.

*Daftari.* Kwa kawaida linaenda Pulumi Cloud, mtu binafsi anatumia bure, timu inalipa. Hulazimishwi, unaweza kuliweka S3 au hata kwenye diski yako. Siri zikishatiwa alama ya siri zinasimbwa humo ndani tangu mwanzo bila kuongeza programu nyingine, hili nalipenda.

*Lugha.* Ndo sababu ya watu kuichagua: TypeScript, Python, Go, C#, Java, na YAML kwa wanaoitaka. Developa wako hahitaji kujifunza lugha mpya. Na ndo sababu ya watu kuijutia pia, maana ukimpa developa lugha kamili ataitumia kamili, ataweka klasi ndani ya klasi, kitanzi kinachosoma faili lingine, na miezi sita baadaye anayekuja kuuliza "tuna seva ngapi" hawezi kujibiwa kwa kusoma, inabidi aendeshe. Ukiwa na mtu mkali wa kukagua kodi haitokei. Ofisi ngapi zina huyo mtu, sijui tuulizane.

*Mtandao ukikatika.* Kama Terraform, inakimbia mahali ulipoiendeshea, na ikikatika inaacha kazi zilizotajwa kuwa bado hazijaisha, unaendesha pulumi refresh iende kuangalia hali halisi. Kufuli lililobaki unalitoa kwa pulumi cancel.

*Hela na leseni.* Kodi yake ina leseni huria ya Apache 2.0, hapo hakuna ugomvi. Unacholipia ni huduma yao ya mtandaoni.

*Inamfaa nani.* Kampuni ya programu ambako wanaojenga apu ndo hao hao wanajenga mitambo. Ofisi ambayo mtu wa mitambo alitokea kwenye netiweki na hajawahi kuandika programu, itamtesa bure.

Ansible

*Fundi gani.* Huyu ni wa nyaya na rangi. Anaweza kusimamisha nyumba pia, moduli za AWS na Azure zipo, ila ukimtumia kwa kazi hiyo utaona kabisa siyo yake. Ilianza 2012, Red Hat wakainunua 2015, IBM nao wakawanunua Red Hat 2019, kwa hiyo sa hivi Ansible na Terraform ni watoto wa nyumba moja.

*Daftari.* Hana. Anaingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia ukiwa mbali), anaangalia hali ilivyo, anarekebisha kisichokaa sawa, anatoka. Raha yake hakuna cha kupotea. Karaha yake watu wanaigundua wamechelewa: ukiandika kwamba mtumiaji fulani awepo, halafu baadaye ukaufuta ule mstari, yule mtumiaji bado yupo kwenye seva zote, kwa sababu hakuna daftari la kumkumbusha Ansible kwamba aliwahi kumweka. Inabidi uandike wazi kwamba awe absent. Nimekuta akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka siku nyingi ikiwa hai kwenye seva nane, mstari wake ulifutwa vizuri kabisa.

*Lugha.* YAML, inasomeka kama orodha ya kazi za siku. Jichunge na nafasi za pembeni tu, ukitumia kitufe cha Tab badala ya nafasi inagoma.

*Mtandao ukikatika.* Unaendesha tena. Basi. Plebuku (faili la kazi za Ansible) iliyoandikwa vizuri ukiirudia mara kumi matokeo ni yale yale, vilivyokwisha inaviruka na kukuandikia ok. Tatizo ni wanaojaza skripti za shell (amri za moja kwa moja) humo ndani, hizo zinajirudia kweli kweli kila ukiendesha.

*Hela na leseni.* Bure, leseni ya GPL. Kuna toleo la kulipia la Red Hat lenye ukurasa wa kuongozea na msaada, na AWX ambayo ni bure kama uko tayari kujihangaikia mwenyewe. Kwenye seva za Linux huhitaji kusakinisha chochote zaidi ya Python ambayo mara nyingi ipo. Ila kompyuta unayoendeshea isiwe Windows mtupu, utahitaji WSL (Linux ndani ya Windows).

*Inamfaa nani.* Wenye seva zao ofisini kwenye chumba chenye kiyoyozi, na wenye VPS (seva za kukodi) chache za mwezi kwa mwezi. Hawa ni wengi huku kuliko wanaotajwa kwenye semina.

Sasa wewe uko upande gani

Kama una VPS mbili au tatu na mtu mmoja wa IT ambaye pia ndo anarekebisha printa, weka Ansible, hayo mengine yatakuongezea kazi ya kutunza kuliko kazi yanayokupunguzia.

Kama mko AWS peke yake, timu ndogo, na mtandao wenu ni wa kubahatisha, CloudFormation au CDK. Mtasikia watu wanaicheka, wao wana mtu wa kutunza daftari.

Kama taarifa za wateja zinawaleta kwenye maswali ya sheria, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania iliyoanza kufanya kazi 1 Mei 2023, kanda ambako data inakaa inabidi iandikwe mahali panapokagulika, na Terraform au Pulumi zinafanya hilo, kanda inaonekana kwenye faili, kwa CloudFormation kanda unaichagua wakati wa kutuma staki. Ila kumbuka daftari lenyewe linaweza kubeba paswedi na majina ya vitu vyenu vyote, nalo likae mahali pa maana. Hapo OpenTofu na Pulumi wana mkono wa juu kidogo.

Kama mna klaudi mbili au mnahisi mtahama, Terraform au OpenTofu. Kati ya hizo mbili, mkiwa mnaanza leo na hamlipii huduma yoyote ya HashiCorp mimi ningeanza na OpenTofu, mkiwa tayari mna Terraform inayofanya kazi sioni haraka ya kuhama.

Kama ni kampuni ya madevelopa watupu, jaribuni Pulumi kwenye kitu kidogo kwanza, halafu mpeni mtu ambaye hakuiandika aisome mbele yenu.

Na mkitaka mbili, inaruhusiwa, Terraform asimamishe nyumba na Ansible aingie na rangi. Huo ni mpangilio wa kawaida kabisa.

Jamaa yangu alichukua njia hiyo, OpenTofu na Ansible. Seva zilizopo hazihitaji kubomolewa, unaandika kipande cha import na kitambulisho cha seva, inakusaidia hata kukutolea kodi ya kuanzia, ingawa hiyo kodi inatoka na takataka nyingi unakaa unafuta. Ijumaa alimpelekea bosi seva mbili zilizoandikwa kati ya 14, pamoja na orodha ya paswedi tano ambazo dogo wa Doha bado hajazitoa.